Mguu Kwenye Breki

Mtu akiniuliza faida za winchi, namwambia bila kubania. Gogo la mvule walilokuwa wakilisukuma watu ishirini na tano, wakiimba mpaka jasho linawaingia machoni, mie nililinyanyua peke yangu, nimekaa, natafuna karanga. Pale yadi ya magogo Keko, mwaka sabini na nne, tulikuwa tunashusha lori zima la kutoka Rufiji kabla chai haijapoa. Hasara zake ndizo watu hawaulizi. Wakiona chuma kinanyanyua, wameridhika.

Winchi inataka spea. Breki ya kuzuia waya ilikuwa na pedeli, na pedeli ilikuwa na komeo la kuishikilia chini ili dereva apumzishe mguu. Komeo lilivunjika Januari. Niliandika barua. Msimamizi wetu, Ndugu Elinaza, Mpare mmoja mpole, naye akaandika. Tukajibiwa kwamba fedha za kigeni hakuna, tuvumilie, taifa linajengwa. Tukavumilia kwa mguu wangu wa kulia.

Mpiga ishara wangu kule chini alikuwa Jabiri, Mzaramo wa Mbagala. Mie Gregori ni Mnyamwezi wa Tabora. Basi ni watani, na hakuna siku tuliyosalimiana kama watu. Yeye aliniita mpagazi, mie nilimwita mtumwa wangu. Baiskeli yake niliwahi kuitundika kwenye kulabu ya winchi, ikaning'inia juu saa nzima, mpaka alipopiga magoti mbele ya yadi nzima na kukiri kwamba mie ndiye bwana wake. Wiki iliyofuata akalipiza. Alijilaza ubavuni mwa gogo, akalia kwamba nimemponda. Elinaza alikuja mbio na kiatu kimoja. Alipofika, Jabiri akasimama, akajikung'uta maranda, akauliza, "Mpagazi amelia?" Yadi ilicheka siku tatu. Nami nikacheka, mjinga mie.

Sasa siku yenyewe ilikuwa saa sita na nusu. Wenzetu wote walikuwa upande wa pili wa yadi, kwenye banda la Auleria mpishi, wanagombania ugali wa yanga, ule wa unga wa njano wa mwaka wa njaa. Lilibaki gogo moja nasi tule. Nikalinyanyua. Jabiri akapita chini yake kupanga vibao vya kulilazia. Ilikuwa marufuku, na wote wawili tulijua, lakini tulifanya hivyo kila siku ili tuwahi chakula. Gogo jingine lililokuwa pembeni likabingirika, likambana kifundo cha mguu. Sikupata hata muda wa kugusa usukani, injini ikakohoa, ikazima.

Bila injini siwezi kupandisha, siwezi kusogeza kando. Kilichobaki ni mguu wangu kwenye pedeli, na tani tatu zinaning'inia juu ya kichwa cha Jabiri.

Nikaita kwa sauti yangu yote. "Njooni, Jabiri amebanwa, siwezi kuachia breki."

Bandani wakacheka. Mmoja akajibu, "Muulize kama umeshalia."

Nikawatukana. Nilimtaja mama wa kila mmoja wao. Wakazidi kucheka, maana hivyo ndivyo mtani anavyotukana. Jabiri naye akaita, "Wallahi ni kweli, jamani," na hapo ndipo walipovunjika mbavu kabisa.

Akaanza kufukua udongo kwa kibao. "Shikilia, mpagazi," akaniambia. "Nikitoka hapa nakuuza." Nikamjibu kwamba mtumwa hamuuzi bwana wake. Tuliendelea hivyo, yeye anafukua, mie nakanyaga. Kibanda cha winchi ni bati tupu, na jua lilikuwa utosini. Mlango ulikuwa wazi ubavuni mwangu, hatua moja tu nitoke, na mguu wa kuipiga ndio huo ulio kwenye breki. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, wala sijapata kuwachukia watu kama nilivyowachukia wale waliokuwa wakila.

Redio ya bandani ikaanza kusoma habari za saa saba. Nusu saa ilikuwa imepita. Paja lilikuwa linatetemeka, halafu misuli ya kigimbi ikajikunja.

"Gregori," Jabiri akaita.

Hajawahi kuniita jina langu. Nikajua utani umekwisha.

"Gregori, ndugu yangu, bado kisigino tu."

Nikasema moyoni, ngoja nibadili mguu. Nitaweka wa kushoto juu ya wa kulia, kisha nichomoe wa kulia taratibu. Sikumwambia, nisimtie hofu. Nikachomoa mapema.

Kishindo kile ndicho kilichowainua kwenye sahani zao.

Elinaza aliandika ripoti huku machozi yanamtoka: breki ilishindwa kwa kukosa spea. Yadi nzima ikasema winchi imeua. Kuhusu mguu wangu hakuna aliyeuliza, nami sikusema.

Kesho yake baba yake Jabiri alituma mtu kuniita Mbagala. Msiba wa Mzaramo unamtaka mtani. Asipokuja kufanya vituko vyake, watu husema ana kinyongo na marehemu. Ningekataaje? Nikaenda. Makaburini wanaume wote wakanigeukia, wakasubiri. Sikuwa na kichekesho hata kimoja. Nikashuka kaburini, nikalala chali.

Wakaangua kicheko. "Mpagazi kachoka na safari," mmoja akasema.

"Mie ndiye niliyemuua," nikasema. "Breki haikushindwa. Nilibadili mguu."

Wakacheka wakishikana mabega. Watani wote husema hivyo misibani, kwamba wao ndio walioua.

"Sitanii," nikasema. "Wallahi sitanii."

Hata waliobeba jeneza walicheka. Baba yake Jabiri akainama ukingoni, anafuta machozi, na usoni ana tabasamu la kwanza tangu jana. Akaninyooshea mkono.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Umetufariji sana. Sasa mpishe mwenzio."

Nikampa mkono, akanivuta juu.