Kaseti za Lebo Nyekundu

Nyamizi ndiye aliyekuwa akipokea simu. Alois, mumewe, alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye ana mikono na mkewe ana sauti. Wageni walicheka, na Nyamizi alicheka pamoja nao, ingawa wote wawili walisoma umeme darasa moja chuoni Shinyanga, na katika mtihani wa mwisho ni Nyamizi aliyeongoza. Alipojifungua Mariana akaacha kuchomelea kwa sababu ya moshi wa risasi inayoyeyushwa kuunganishia waya. Mtoto alipokua, kiti chake pale mezani kilikuwa kimeshajaa makasha ya vifaa, akabaki na simu.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja mjini Kahama, nyuma ya soko. Walitengeneza kaseti mpya za mashine za gemu za zamani. Mtu wa mjini angeshangaa nani anazitaka, lakini huko kwenye machimbo ya dhahabu mashine hizo hazijafa. Ukiingia kibanda cha gemu Rwamgasa utakuta wanaume wazima, vumbi la mwamba bado liko kwenye nyusi, wameshika pedi huku wakisubiri zamu ya kushuka duarani, yaani shimoni. Wanacheza kama walivyocheza utotoni. Mashine za kisasa zinataka intaneti na umeme mwingi. Hizi zinatosheka na sola moja na televisheni yoyote. Kilichokuwa kimekwisha ni kaseti. Alois akaagiza bodi na chipu kutoka China, akatunga gemu zake kwa Kiswahili, moja ya mpira na nyingine ya mchungaji anayevusha ng'ombe mtoni, akachomelea bodi moja moja kwa mkono wake.

Kaseti za kwanza zilikuwa na lebo ya bluu. Hazikuleta malalamiko, ukimtoa bwana mmoja wa Masumbwe aliyeiangusha yake kwenye ndoo ya maji akataka kujua kama itapona.

Zilizofuata zilikuwa na lebo nyekundu.

Bartholomeo wa Rwamgasa alipiga wiki ya pili baada ya kununua yake. Alikuwa mtu wa makamo. Miaka minne nyuma gogo la kuzuia udongo duarani lilimwangukia mgongoni, na tangu hapo hawezi kuinama wala kubeba. Kibanda cha gemu ndicho kilichomrudishia heshima ya kutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni kama wanaume wengine. Nyamizi aliyajua hayo yote kwa simu; hawakuwahi kuonana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Hii kaseti ya ng'ombe inacheza vizuri, halafu picha inaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa."

"Pole sana. Izime, uichomoe, ufute meno yake kwa pamba yenye spiriti. Ikikauka uirudishe."

Alifanya hivyo, ikakubali. Alipiga tena kushukuru, jambo ambalo wateja hawana desturi nalo. Siku tatu baadaye picha ikatetemeka upya. Nyamizi akamwambia apulize vumbi kwenye mdomo wa mashine. Ikakubali kwa siku moja. Mara ya tatu Nyamizi akafikiri labda ni unyevu, maana mvua zilikuwa zimeanza.

"Baba, kila asubuhi kabla ya wateja, iwashe uiache saa nzima ipate moto. Ikiwa na unyevu utakauka."

"Saa nzima?"

"Saa nzima."

"Nimekusikia, binti. Tutafanya."

Kumbe hakuwa peke yake. Simu zikaja kutoka Katoro, kutoka Ushetu, kutoka vibanda viwili vya Geita mjini. Nyamizi alikuwa na daftari alimoandika jina la mteja, gemu na tatizo. Ukurasa ulipojaa aliona kwamba wote walikuwa na lebo nyekundu. Akampelekea Alois.

Alois hakuinua macho kutoka kwenye bodi. "Vumbi la machimbo hilo, Mama Mariana. Na sola zao zinapanda na kushuka. Waambie wasafishe."

"Wanasafisha."

"Basi wasafishe vizuri."

Siku Bartholomeo alipopiga mara ya mwisho, Alois alikuwa amekwenda Shinyanga kufuatilia mzigo.

"Binti, nimetii kila neno lako," alisema taratibu, bila ukali. "Sasa mashine yenyewe imekufa. Nimeweka hata kaseti yangu ya zamani, ile ya siku zote. Kioo cheusi. Na ilikuwa ya moto, ukiigusa unarudisha mkono."

Nyamizi alimwomba ampe muda. Akakata simu. Kisha akavuta droo, akatoa kaseti moja nyekundu na moja ya bluu, akazifungua zote mbili juu ya meza ya mumewe.

Mashine hizo za zamani zinatoa volti tano. Chipu za siku hizi zinataka volti tatu na kidogo. Kwa hiyo kati ya chipu na meno ya kaseti panatakiwa vipande viwili vidogo vyeusi vya kusawazisha umeme, la sivyo chipu na mashine zitavutana mpaka kimoja kiungue, na mara nyingi kinachoungua ni kile kizee. Kwenye bodi ya bluu vipande hivyo vilikuwepo. Kwenye nyekundu nafasi zake zilikuwa tupu, na juu ya nafasi hizo mtu alikuwa ameunganisha njia kwa madaraja ya risasi, madogo na safi kabisa. Hapakuwa na fundi mwingine Kahama mwenye mkono wa namna ile.

Nyamizi alichomeka kaseti nyekundu kwenye mashine yao ya majaribio, akaiwasha, akakaa mbele yake. Ng'ombe wakavuka mto, wakarudi, wakavuka tena. Baada ya saa moja aliweka kiganja juu ya mashine, akakiondoa haraka.

Alois aliporudi alizikuta zile kaseti mbili wazi. Aliziona kabla hajavua kofia.

"Ulijua?" Nyamizi akamuuliza.

"Vile vipande vilichelewa. Watu walikuwa wanasubiri, walishaambiwa mwisho wa mwezi." Alivuta kiti lakini hakukaa. "Nilijaribu hapahapa. Siku mbili nzima iliwaka, haikuzima. Huko nje mafundi wangapi wanafanya hivihivi?"

"Ilipowaka siku mbili, uliigusa?"

Alois alivua kofia, akaiweka mezani.

"Mimi nimekuwa nawaambia waiache iwake, Alois. Saa nzima kila asubuhi. Nimewaunguzia mashine zao kwa mdomo wangu."

"Sikukwambia useme hivyo."

"Hukuniambia kitu. Ndicho ninachokisema."

Alois alikaa sasa, akashika kichwa. Alimwomba wasitangaze. Angezibadilisha moja moja kadiri zitakavyokuwa zinarudi, kimyakimya, wateja wakiambiwa ni matengenezo ya kawaida. Wakipigiwa simu wote leo, kesho asubuhi machimbo yote yatakuwa na habari, na habari ikishaingia duarani haitoki. Baba yake, mkulima wa Ushirombo, alimcheka miaka mitano kwa kuacha jembe na kushika michezo ya watoto. Alikuwa amenyamaza mwaka huu tu.

Nyamizi alimhurumia. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, kwamba alimhurumia akakubali kusubiri. Siku mbili simu ililia, na siku mbili aliitazama ikilia. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa sauti kutoka Katoro. Cornel, kijana aliyefungua kibanda chake mwezi uliopita, alikuwa akisema mashine yake imezima na haiwaki tena. Alisema amefuata maelekezo yote.

Nyamizi alifungua daftari mwanzo kabisa, akaanza kupiga.

"Zima mashine sasa hivi, chomoa kaseti nyekundu, usiirudishe tena. Kosa si lako. Tuliitengeneza vibaya." Alisema maneno hayo mpaka koo likakauka. Asteria wa Ushetu, mwenye kibanda karibu na ghala la tumbaku, alishukuru akauliza kama ile ya bluu ni salama. Mzee mmoja alimtukana kwa Kisukuma na Kiswahili kwa zamu, asirudie tusi hata moja. Mwingine alicheka, akasema alishaitupa chooni zamani. Cornel wa Katoro alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo wiki iliyopita ulinidanganya, dada?"

"Wiki iliyopita sikujua."

"Na jana nilipopiga, hukupokea?"

Nyamizi alifumba macho. "Jana nilijua."

Cornel alikata simu.

Alois alikuwa nje, ameegemea ukuta, anasikia kila neno. Hakuingia kumzuia. Nyamizi alipomaliza ukurasa wa mwisho akatoka, hakumkuta. Jirani alisema amemwona na begi akielekea stendi ya magari ya Ushirombo.

Alikaa huko siku tisa. Hakupiga simu, na Nyamizi hakupiga. Mariana alimuulizia baba yake asubuhi na jioni. Watu walileta kaseti mkononi, kwenye mifuko ya rambo, wengine walizituma na makondakta. Nyamizi aliondoa makasha kwenye kile kiti chake, akakaa, akawasha chuma cha kuchomelea. Mikono ilisuasua siku ya kwanza. Siku ya pili ilikumbuka.

Alois alirudi na gunia la karanga na mzigo wa vile vipande vyeusi, alioupitia njiani. Aliweka karanga mlangoni, akamsalimia mtoto, akakaa upande wa pili wa meza. Alichukua kaseti nyekundu, akayavunja yale madaraja ya risasi, akaanza kuweka kilichokosekana. Walifanya kazi hivyo wiki nzima. Maneno yao yalikuwa "nipe koleo" na "hii bado." Jioni moja alisema, "Mzee hakucheka safari hii. Afadhali angecheka." Nyamizi alimsogezea chai. Zaidi ya hapo hakuweza.

Waliojibu simu walirekebishiwa. Bartholomeo peke yake hakupokea, wala siku ile ya kupiga kwa wote, wala baadaye. Mteja mmoja aliyetoka Rwamgasa akamwambia Nyamizi kwamba kile kibanda kimefungwa, na yule mzee sasa yuko kwenye karasha la kusagia mawe, amekalia ndoo, anaponda mawe kwa nyundo.

"Na mgongo wake?" Nyamizi akauliza.

"Ndio huohuo anaponda nao."

Walikuwa wamenunua mashine kadhaa kuukuu na kuzifufua ili wawafidie watu. Nyamizi alichagua iliyokuwa bora, akaweka kaseti iliyorekebishwa na mita ndogo ya kupimia umeme, akapanda gari la Geita. Alois alimfungia mzigo kwa kamba. Alisema, "Mwambie..." kisha akaacha, akakaza fundo.

Alifika Rwamgasa alasiri. Mwanamke mrefu alikuwa anaanika mihogo mbele ya nyumba, pembeni ya kibanda kilichofungwa.

"Mwadila, mama," Nyamizi akamsalimia kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Mwadila. Marahaba." Mwanamke alisimama wima, mikono imejaa unga. "Wewe ndiye wa Kahama."

"Umenijuaje?"

"Sauti." Alikuwa Hosiana, Mama Samwel, mke wa Bartholomeo. Hakutoa kiti. "Mume wangu alikuwa anakuweka kwenye spika. Tulikusikiliza wote wawili. Alikuwa anasema huyu binti ana subira kuliko padri."

Nyamizi akaweka mzigo chini, akaeleza. Hakuficha vile vipande, wala zile siku mbili alizoiacha simu ilie. Mama Samwel alisikiliza bila kutikisa kichwa.

"Asubuhi ni mimi niliyekuwa naiwasha," alisema mwishowe. "Yeye akinyanyuka kitandani anachukua muda. Nilikuwa natangulia naiwasha, saa nzima, kama ulivyosema. Nilikuwa naangalia saa isipungue hata dakika." Alifuta mikono kwenye kanga. "Ile mashine ilikufa lini? Siku ya kwanza au ya mwisho?"

"Sijui, mama. Nadhani kidogo kidogo."

Kutoka upande wa machimbo karasha lilikuwa likisaga bila kupumzika. Mama Samwel aliligeukia kidogo, akaenda ndani, akarudi na ufunguo wa kibanda.

"Sitaki kuelekezwa kwa simu tena," alisema. "Nionyeshe kwa mkono."

Wakaingia. Nyamizi alimwonyesha mahali pa kugusisha ncha za mita na namba inayotakiwa kutokea. Alimfungulia kaseti akamwonyesha vile vipande viwili, akamwambia kaseti yoyote isiyo navyo asiikubali, iwe yao au ya mtu mwingine. Mama Samwel alirudia mwenyewe mara tatu, mara ya tatu bila kusaidiwa. Kisha wakaiwasha, wakakaa kwenye benchi la wateja, na kila baada ya muda mama yule alinyoosha mkono, akaigusa mashine kwa mgongo wa kiganja, kama anavyopimwa mtoto homa. Ilibaki vuguvugu.

Jua lilipoanza kushuka Nyamizi aliuliza kama angeweza kumsubiri Baba Samwel, amwombe radhi ana kwa ana.

"Usimsubiri," Mama Samwel akasema. "Akikukuta atakwambia yameisha. Na hayajaisha."

Nyamizi aliitikia, akachukua mkoba wake. Mlangoni aliaga, akaagwa. Alipopiga hatua chache kuelekea barabarani alisikia ndani ya kibanda sauti ya kaseti ikichomolewa, Mama Samwel akizirudia hatua zile kwa sauti, kisha kaseti ikichomekwa tena.