Senti Kumi Isiyo na Tundu

Severina ndiye aliyeiona kwanza: senti kumi ya wakati wa vita, haina tundu katikati kama senti nyingine. Aliipata kwenye chenji ya chumvi sokoni Newala, akampa Mwalimu Nikolao, aliyekusanya sarafu zilizokosewa kiwandani. Nikolao aliigeuzageuza, uso ukimchangamka.

Jumapili Severina akaiona shingoni mwa dada yake Bibiana, imetungwa kwenye uzi pamoja na senti nyingine.

“Kanipa Mwalimu. Haikuwa na tundu, ningeitungaje? Nimeitoboa kwa msumari,” Bibiana alicheka. “Mbona umenuna, mdogo wangu?”

Nikolao alipofika akaishika, akanywea. “Sasa imekuwa kama zote.”

Severina, kwa wivu, akamgeukia.

“Niliiona mimi, Mwalimu. Nilitaka uniangalie vile ulivyoiangalia.”