Uso wa Bango

Ilipofika saa nane mchana, Masika alikuwa amenyoa vichwa hadi mkono ukamfa ganzi. Wafanyakazi wa ofisi za Randburg walipanga foleni kwenye maegesho, wakachanga, wakanyolewa upara, wakapigiwa makofi. Pesa zote zilikuwa za kampeni ya kugundua saratani mapema. Masika, msusi kutoka Butembo, hakulipwa. Zubeda, Mtanzania aliyeajiriwa na waandaaji, alimwahidi kwamba akimaliza atapimwa bure kwenye lori la rangi ya waridi lenye mashine ya kupiga picha matiti.

Ndicho kilichomleta. Tangu Pasaka titi lake la kushoto lilikuwa na uvimbe mgumu, na kila akioga mkono ulikwenda pale wenyewe. Aliogopa hata kuutaja.

Alipopanda lorini, nesi alimwomba namba ya kitambulisho. Masika akatoa karatasi yake ya ukimbizi, iliyochakaa kwenye mikunjo. Kompyuta ikaikataa. Zubeda akapiga simu, akarudi amenywea. Mashine haifunguki bila namba ya raia, alisema, wafadhili ndivyo walivyopanga.

Masika alikuwa anafungasha vifaa vyake mpiga picha alipochungulia mlangoni. Alitaka mwanamke wa kawaida, anayepimwa, wa kuwekwa kwenye mabango. Waliopimwa kweli walikuwa wamekataa wote. Masika alikubali hata kabla hajabembelezwa. Alijiambia, wakishanipanga kwenye mashine, watashindwaje kuiwasha?

Wakamvua blauzi, wakamfunika shuka la waridi. Nesi akalisogeza titi kwenye bamba la baridi, akalibana kidogo tu, kwa ajili ya picha.

"Dada Zubeda," Masika alisema kwa sauti ya chini, "iko kitu apa. Mi naomba muiwashe kidogo tu."

Zubeda aliuona uvimbe. Usingeweza kutouona.

"Nisamehe, dada yangu. Nitafukuzwa kazi." Akamtupia jicho mpiga picha. "Anasema utabasamu."

Masika akatabasamu, maana bado alikuwa na tumaini la kijinga kwamba wataona haya. Hawakuona. Walimpa fulana, wakazima taa.

Mwezi uliofuata bango lilipandishwa penye robot, taa za barabarani, mtaani La Rochelle, karibu na chumba alichopanga. Alikuwa yeye, meno yote nje, na maneno makubwa chini yake: NILIPIMWA MAPEMA, NIKO SALAMA. WEWE JE?

Uvimbe ulikuwa umeanza kuvuta ngozi. Jumapili Masika alimeza aibu, akasimama kanisani kuomba mchango akapimwe hospitali ya kulipia. Pasta Marcellin alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

"Mama Masika, si ni wewe uko pale ku robot? Umeisha pimwa. Uko muzima."

Masika alifungua kinywa aeleze, lakini kanisa zima lilikuwa limekwisha simama, linampigia makofi, linamshukuru Mungu kwa ajili yake.