Herufi Nne Langoni

Asubuhi ile mtunza programu za bwawa alimwambia kaka yake, mpaka rangi, ashuke kwenye handaki la maji la lango la pili bila wasiwasi. "Nimelifunga mwenyewe, kaka. Malango yote manne yako sifuri." Kaka mtu akacheka, akabeba kopo lake, akashuka.

Mfumo wa malango uliandikwa zamani kwa lugha ya C na mhandisi mzee waliyembandika jina la Nuktamkato, na kubadilisha namba moja tu ilikuwa shughuli ya kutwa nzima. Dada huyu akauandikia skripti, programu fupi ya kuuendesha: inatengeneza jedwali la namba nne, asilimia ya kufunguka kwa kila lango, kisha inalikabidhi kwa C. Mistari kumi, basi! Akatembea kifua mbele.

Mzee alipoisoma alikuna kidevu. "C hainakili, mwanangu. Inachukua anwani tu, mahali jedwali lilipo kwenye kumbukumbu, na kila baada ya dakika kumi inarudi palepale kusoma. Jedwali lako nani analishikilia?"

"Lipo, mzee. Ondoa shaka."

Moyoni alimwona mzee msumbufu. Lugha yake ya skripti ilikuwa imemdekeza: inafagia yenyewe kila inachodhani hakitumiki, naye hakuwahi kuuliza inafagia nini. Wiki mbili za majaribio zilipita salama kwa sababu mahali palipofagiwa hapakuwekwa kitu kingine.

Saa nane mchana aliongeza mstari mmoja wa kuandaa ripoti. Muda si mrefu skrini ikaonyesha amri mpya: 77, 97, 106, 105.

Hakuna mtu aliyeandika namba zile. Halafu akazitambua, maana kwa kompyuta kila herufi ina namba yake: M, a, j, i. Neno la kwanza la kichwa cha ripoti yake. Jedwali lilikuwa limefagiwa, ripoti ikawekwa palepale, na C, isiyojua kwamba mwenye nyumba amehama, ikasoma herufi kama amri. Malango mawili ya mwisho yalikataa amri zinazopita mia, yakabaki yamefungwa. La kwanza halikuwa na mota. La pili lilikuwa linapanda kwenda tisini na saba.

"Mzee, lango!"

Nuktamkato alikwisha kukipiga kitufe chekundu kwa kiganja. Mngurumo wa mota ukakoma. Lakini kitufe kile husimamisha lango lilipofika, hakilifungi. Kulishusha ni kwa mkono, nusu saa ya watu wawili. Mzee akatoka mbio.

Dada akakamata simu ya waya ya handakini. Kaka yake akapokea kwa uchangamfu wake wa siku zote.

"Eeh, mdogo wangu!"

"Kaka, panda juu! Acha kila kitu, panda!"

"Nipande na nini? Ngazi wameiazima wenzangu wa lango la tatu, wanairudisha sasa hivi. Kwani kuna nini? Si umelifunga mwenyewe?"

Kisha, nyuma ya sauti ya kaka yake, dada mtu akayasikia kwenye simu maji yakiingia handakini.