Jasho la Faraj

Kofia ile Bi Nasiha hakuwahi kuifua tangu alipokufa mumewe. Vitu vyengine vyote alivigawa: kanzu kwa huyu, makubadhi kwa yule, bakora kwa mzee wa msikitini. Kofia akaifunga ndani ya kitambaa cheupe, akaitia kashani chini ya leso zake za Idi. Alikuwa na wakati wake wa kuitoa, akishasali alasiri, nyumba imetulia. Huifungua, akaipeleka puani, akavuta pumzi moja tu. Hakuvuta ya pili, asije akaimaliza.

Ilikuwa kofia ya vito, vile vitundu vya mapambo, ya mkono. Aliishona mwenyewe siku za uchumba, kitambaa cha bafta, kila kitundu kakizungushia uzi wa hariri mpaka vidole vikaota sugu. Faraj alikuwa na duka la udi na marashi kule Kuze. Akishinda humo mchana kutwa, kitezo kikifuka, na jasho lake halikuwa kama jasho la watu. Lilichanganyika na udi na halwaridi, likaganda kwenye ukingo wa kofia kama utepe wa kahawia, mzito zaidi upande wa kulia, maana Faraj akiilaza kofia upande, kwa maringo yake.

Duka lenyewe sasa linauza vifuniko vya simu. Ukiuliza Kuze habari za Faraj muuza udi, vijana watakukodolea macho. Hilo ndilo lililokuwa likimla Bi Nasiha moyo, kwamba mtu mzima na maringo yake amefutika hivi hivi kama chaki.

Kwa hivyo mjukuu wake Jana alipopata kazi katika nyumba ya maonyesho pale Kibokoni, nyumba ya kale iliyonunuliwa na wageni ikapigwa chokaa upya, na akamleta mkubwa wake aione ile kofia, Bi Nasiha alifurahi. Mkubwa mwenyewe alikuwa mwanamke wa Nairobi, Sheryl, mwenye miwani mikubwa na adabu zake.

"Shosho, hii umeshona wewe?"

Bi Nasiha akamgeukia Jana. "Shosho ndiyo nani?"

"Ni bibi, Bibi. Kwao husema hivyo."

"Haya. Nimeishona mie, mwanangu."

Sheryl aliigeuza ile kofia kwa ncha za vidole kama aliyeshika kifaranga. Akaitazama ndani muda mrefu kuliko nje. "Wewe ni msanii," akasema. "Msanii mkubwa sana."

Uso wa Bi Nasiha ukamshuka. Kule uani Kadzo, mwanamke wa Kigiriama waliyesaidizana naye kazi za nyumba miaka na miaka, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Mtaani kwao msanii alikuwa mmoja, yule kijana aliyewauzia watu watatu kiwanja kimoja kule Kibarani.

"Mie sijamdanganya mtu," alisema Bi Nasiha.

"La, Bibi!" Jana alimshika mkono. "Anakusifu. Msanii ni mtu wa sanaa."

"Mie mshonaji, mamangu. Hilo jina jengine mpeni mwenyewe."

Walicheka wote, yakaisha. Sheryl akasema kofia itawekwa ndani ya sanduku la kioo, na chini yake liandikwe jina la Faraj, lisomwe na kila apitaye. "Lakini ilete kama ilivyo, shosho. Usibadilishe kitu."

Bi Nasiha alielewa kama mshonaji: asitie uzi mpya, asizibe vitundu vilivyolegea. Kwamba kulikuwa na maana nyengine hakuwaza, na nani angewaza?

Wiki ile hakulala vizuri. Jina la Faraj litaandikwa, alhamdulillahi. Lakini litaandikwa chini ya kofia chafu! Katika umri wake wote hajamtoa mumewe nje ya mlango na kofia isiyotiwa wanga. Watakuja watu na wake zao, watainama kwenye kioo, wataona uchafu. Watasema, huyu maskini alikuwa na mke kweli?

Asubuhi ya kuipeleka, Kadzo alimkuta uani na beseni mbele yake.

"Bi Nasiha, utaifua kweli? Hiyo?"

"Nimtoe mume wangu mchafu mbele za watu?"

"Na harufu yake?"

Bi Nasiha aliileta kofia puani, akavuta pumzi. Akavuta ya pili, na ya tatu, kwa pupa, kama mtoto mwenye kumaliza sharubati. Kisha akaitia majini. Aliifikicha polepole kwa sabuni ya kipande, pindo kwa pindo, na maji yakageuka rangi. Maji yale hakuyamwaga kwenye mchirizi. Aliyamwagia mtungi wa asumini. Akaitia wanga, akaivika juu ya sufuria ndogo ikaukia hapo, nyeupe, imesimama, vito vyote vimefunguka kama siku aliyoimaliza.

Aliipeleka mwenyewe, ameivalia buibui jipya. Sheryl alifungua kitambaa, akabaki mkono juu.

"Nani ameifua?"

"Mie. Nimeitia na wanga."

"Ai, shosho." Sheryl alivua miwani akajifuta uso. "Ule utepe wa jasho ndio niliokuwa nautaka. Hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yenyewe. Maisha ya mtu yalikuwa mle ndani. Sasa ni kofia tu."

Ni kofia tu. Bi Nasiha alitazama vile vitundu vyake, kimoja kimoja. "Na kushona je?"

"Kushona ni kuzuri. Lakini kofia zilizoshonwa vizuri ziko nyingi."

Hakuwa na ukali, na hapo ndipo palipouma. Kofia ikafungwa tena kitambaani, Bi Nasiha akarudi nayo nyumbani, na alasiri ile, kwa mazoea, akaifungua akaipeleka puani. Ilinuka sabuni.

Siku ya ufunguzi Jana alimwambia asijisumbue, ngazi ni ndefu na watu watakuwa wengi. Lakini Bi Nasiha alikuwa na tamaa yake moja. Huenda wamebadili shauri. Huenda kwenye kioo pamebaki pahala. Akaitia kofia mkobani, akaenda na Kadzo, akapumzika kila penye ngazi.

Pahala hapakuwa wazi. Ndani ya kioo, chini ya taa, mlikuwa na kofia. Maandishi yalisema: *Kofia ya Faraj, muuza udi wa Kuze. Uzi, bafta, jasho la mtu.* Na utepe wa kahawia ulikuwapo, umezunguka ukingo wote sawasawa, kulia na kushoto. Vitundu navyo vyote vilikuwa sawa, kama vya kila kofia ya mashine.

Bi Nasiha alimtafuta Jana kwa macho. Jana alikuwa keshakuja, amesimama kando yake, ameinama.

"Ni chai, Bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeitia mie. Jina lilikuwa lishapigwa chapa, wageni washaalikwa. Waliniambia nisipopata kofia nisirudi kazini."

"Chai ya maziwa au ya rangi?"

"Ya rangi."

"Basi huyo ndiye msanii," alisema Bi Nasiha. "Mkubwa sana."

Kabla Jana hajasema kitu, alitokea Mzee Haroun, jirani wa duka la Faraj wa zamani, aliyesali naye safu moja miaka mingi. Alikuwa ameinama kwenye kioo na machozi yanamtiririka ndevuni.

"Nasiha, wallahi namuona! Namuona Faraj na maringo yake. Hata harufu ya udi naisikia."

Moyo wa Bi Nasiha ulimruka. Huyu alimjua. Akafungua mkoba, akakunjua kitambaa, akamuonyesha kofia nyeupe ndani ya viganja vyake.

"Na hii je, Haroun?"

Mzee aliitupia jicho moja. "Mashallah, umeshona mpya? Mungu akuzidishie macho." Akarudi kwenye kioo.

Jana alianza kulia. Bi Nasiha hakumkemea wala hakumbembeleza. Aliikunja kofia, akamshika Kadzo bega, wakashuka.

Walipofika nyumbani Kadzo akawasha jiko, akauliza kama alivyouliza kila jioni, "Nikutilie chai?"

"La," alisema Bi Nasiha. "Chai hapana."

Alikwenda akakaa karibu na mtungi wa asumini, ule aliomwagia maji ya kofia. Maua yalikuwa bado hayajafunguka. Alichota udongo kidogo kwa kidole, akaunusa, akafuta kidole kwenye leso.