Bwana Eksi Hajafika

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Bi Mwanawema alikuwa amekaa dawati la nyuma la Kidato cha Tano, magoti yakigonga mbao, akisahihisha karatasi kumi na moja kwa kalamu nyekundu. Swali lilikuwa moja. Chukua x mraba utoe nne, ugawe kwa x kutoa mbili. X ikikaribia mbili, jibu linakaribia ngapi? Wanafunzi wote kumi na mmoja walitia mbili mahali pa x, wakapata sifuri juu, sifuri chini. Tisa waliandika "haiwezekani". Wa kumi aliacha patupu. Wa mwisho, msichana aitwaye Kauthar, aliandika kwa hati safi: "Nimepiga hodi, wenyewe hawapo."

Bi Mwanawema alimpa sifuri kama wenzake, ila alicheka mpaka akavua miwani.

Skuli yenyewe ipo nje kidogo ya Konde, na kwa miaka mitatu haikuwa na mwalimu wa hisabati. Aliyekuwepo alikwenda masomoni Bara, akaaga kuwa atarudi Shaabani. Hakusema Shaabani ya mwaka gani. Ofisi ya elimu iliombwa mwengine mara saba. Mara ya nane ikaleta katoni la vitabu. Juu ya jalada paliandikwa "Kalkulasi kwa Kujisomea: Bila Mwalimu, Bila Hofu", na Bi Mwanawema akatumwa kutoka kwake Jadida akae hapo wiki tatu, aone kama kitabu kinawafaa wanaotatizika. Wakifaulu sita au zaidi katika mtihani wa mwisho, mkondo wa hisabati utabaki. Wakipungua, mkondo utafungwa, na wote kumi na mmoja watapelekwa kusoma kitu chengine, wapende wasipende. Kauthar alitaka kuunda meli. Na meli, jamani, haiundwi kwa insha.

Palikuwa na sharti: mtathmini asifundishe. Asieleze, asielekeze, asitikise kichwa. Bi Mwanawema alisomesha hisabati miaka ishirini na miwili kabla ya miguu kumlazimisha kuhamia mezani, na sharti hilo lilimkaa kooni. Alilitia saini hivyo hivyo. Angekataa, angeletwa mtu asiyejua x wala mkia wake.

Jumanne walifungua sura ya kwanza. Nyange, kijana mrefu wa dawati la mbele, alisoma kwa sauti: "x inakaribia mbili, lakini haifiki."

"Hafiki?" aliuliza Kauthar. "Ntu gani huyo? Ntu akikaribia huambiwa karibu, akaingia. Mbona siye twamtia ndani, twakoswa?"

"Labda hajapiga hodi," alisema Nyange.

"Soma tena."

Nyange alisoma tena. Bi Mwanawema alitazama dari, maana ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno.

"Hodi!" ilisikika nje.

"Karibu!" darasa zima liliitika, kama mtu yeyote aliyelelewa angeitika.

"Starehe," alijibu mgeni, naye hakuingia. Alisimama uwanjani, mtu wa makamo, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, kikapu cha mchele mkononi. Walipomuuliza jina alisema ni Eksi. Walimwambia karibu mara ya pili, akasema amekwishakaribia, ahsante.

Mwalimu Jecha, mkuu wa skuli, alitoka ofisini kuona wanaitikia nini.

"Nani yule?"

"Bwana Eksi, mwalimu."

"Kasaini kitabu cha wageni?"

"Hajafika, mwalimu."

"Akifika asaini," alisema Mwalimu Jecha, akarudi ofisini kumalizia chai yake.

Nyange alipima. Kutoka kizingitini hadi kwenye vidole vya mgeni zilikuwa hatua nane kamili. Akaazima kopo la kibaba kwa muuza mchele wa ng'ambo ya barabara, wakapima kilichomo kikapuni: vibaba kumi na viwili. Mgeni aliurudisha mchele wake, akasimama mpaka kengele ya kutoka, kisha akaenda zake.

Jumatano alipiga hodi akiwa hatua nne, na kikapuni vibaba vinane. Alhamisi hatua mbili, vibaba sita. Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, hatua moja, vibaba vitano. Kauthar aliandika yote nyuma ya daftari. Akachukua chaki akaandika 2 juu ya kizingiti, halafu akahesabu kwenda nje, kila hatua namba moja. Mgeni wa Jumanne alisimama kwenye kumi. Kauthar alitia kumi kwenye lile swali lililompa sifuri, likamjibu kumi na mbili.

"Enhe!" alisema, akakaa chini.

Jumatatu Bwana Eksi alikuwa nusu hatua. Mchele ulikuwa vibaba vinne na nusu. Jumanne alikuwa robo hatua, vibaba vinne na robo. Watoto wa madarasa mengine waliokwenda kunywa maji walimzunguka, wakimwamkia shikamoo, naye akiwaitikia marahaba bila kugeuka. Ndani ya darasa zogo lilikuwa limechacha. Nyange alishikilia kuwa mtu huyu ataingia keshokutwa, hesabu itaharibika, watarudi kule kule kwenye sifuri juu ya sifuri. Mwengine akasema wafunge mlango.

Jumatano hodi ilipigwa puani kwao. Ncha za makubadhi zilikuwa thumuni ya hatua, nusu ya ile robo ya jana, kutoka kwenye chaki. Nyange aliinuka na kopo.

"Usimpimie," alisema Kauthar.

"Kwa nini?"

"Ni pishi."

"Pishi ni vibaba vinne, weye. Huyu ana thumuni ya ziada, nakwambia kabla sijapima."

"Leo ana thumuni. Kesho atakuwa na nusu yake, keshokutwa nusu ya hiyo nusu. Haingii huyu, Nyange, hata tumwitie karibu mpaka Idi. Lakini anakokwenda ni kwenye pishi, hakuna pengine. Swali halikutuuliza kafika na nini. Latuuliza anakaribia na nini." Aligeuka kulitazama darasa. "Siye tulikuwa twaingia ndani na kuuliza mbona hakuna watu. Jibu liko hapa nje, mlangoni! Ni nne!"

Kisha Nyange akaweka kopo chini, akasema, "Wallahi, ni nne," na mmoja baada ya mmoja wakaanza kugonga madawati. Bwana Eksi alisimama kwenye thumuni yake kwa adabu zote.

Bi Mwanawema aliuma pembe ya mtandio ili kichwa kisitikisike. Machozi hayakutajwa katika masharti, kwa hiyo aliyaacha yatoke. Alifurahi, akafurahi hasa, furaha ambayo hakuipata tangu aache chaki.

Alhamisi hodi ilitoka upande wa ubao. Bwana Eksi alikuwa ndani, hatua moja kutoka kizingitini, akielekea nje, na kikapuni mna vibaba vitatu. Ijumaa nusu hatua, vibaba vitatu na nusu. Jumatatu robo hatua, vibaba vinne kasorobo. Hakuna aliyemuuliza ameingilia wapi. Walikuwa wameshasoma sura ya pili, inayosema kuwa mtu huweza kukaribia kutoka pande zote mbili, na safari hii walicheka kabla hawajamaliza ukurasa. Waliokuwa wakijificha nyuma walikuja mbele. Aliyeacha patupu, kijana mkimya aitwaye Hudhaifa, sasa alikuwa akitunga maswali yake mwenyewe na kuwapelekea wenzake wakati wa mapumziko.

Mtihani ulikuwa Alhamisi, maswali kumi. Bi Mwanawema alisahihisha pale pale, kwenye dawati lile lile lililomwonea magoti. Hudhaifa alipata sitini na moja, akawa wa mwisho. Kauthar alikosa alama mbili kwa sababu ya haraka. Wote kumi na mmoja walifaulu. Bi Mwanawema aliposoma jina la mwisho, mpishi wa skuli alipiga kigelegele jikoni kabla hata hajaambiwa nini, na kikaitikiwa kutoka nyumba za jirani. Mwalimu Jecha aligonga kengele saa nne unusu bila sababu ya kiserikali. Nyange alibebwa mabegani, akajigonga kwenye kenchi ya paa, akaendelea kushangilia. Mkondo umebaki! Waliimba hivyo mpaka barabarani, na muuza mchele akalisamehe kopo lake.

Jioni ile, kwake Jadida, Bi Mwanawema alijaza fomu. Je, kitabu kimewasaidia wanaotatizika? Aliandika: Ndiyo, sana. Je, mwalimu alihitajika? Hapo aliandika mistari kumi na miwili, ikatoka nje ya kisanduku. Alieleza kuwa kitabu kilisema jambo sahihi kwa maneno wasiyoyasikia, mpaka mtu akaja kusimama mlangoni wakamwona. Alimalizia: "Mwalimu alihitajika. Waleteeni mwalimu."

Siku ya nne akapigiwa simu na karani wa ofisi.

"Bi Mwanawema, shikamoo. Huyu Bwana Eksi hayumo katika orodha ya walimu."

"Marahaba, mwanangu. Hayumo."

"Basi nakuuliza, alifika au hakufika?"

Bi Mwanawema alikuwa mtu wa hisabati, na uongo haukumzoea.

"Hakufika," alisema.

"Ahsante. Basi mwalimu hakuwepo. Nitaandika hivyo."

"Alikaribia, bwana! Huko kukaribia ndiko kulikowafunza!"

"Fomu haina kisanduku cha kukaribia, bibi," alisema karani kwa upole, akamtakia jioni njema.

Barua ilifika skuli baada ya wiki mbili. Mwalimu Jecha aliisoma mbele ya darasa, Bi Mwanawema amesimama pembeni, maana alikuja kwa gharama zake kuwapongeza. Ofisi iliwapongeza wanafunzi kwa ufaulu usio na mfano. Mkondo wa hisabati utaendelea. Kitabu kitapelekwa skuli nyengine kumi na nne zisizo na walimu. Na kwa kuwa imethibitika kuwa mwalimu si lazima, ombi la mwalimu wa hisabati limefungwa.

Walishangilia mkondo. Halafu Nyange akauliza, "Na mwalimu, mwalimu?"

Mwalimu Jecha aliikunja barua mara nne. Alikuwa mtu mwema, na miaka mitatu hiyo alikuwa na jibu moja.

"Mwalimu anakaribia, wanangu."

Mwezi mmoja nyuma wangesema ahsante, wakakaa kungoja. Sasa walitazamana. Kauthar alinyoosha mkono, akasimama kama adabu inavyotaka.

"Kwa nusu ya masafa kila muhula, mwalimu, au kila mwaka?"

Bi Mwanawema alitikisa kichwa, safari hii bila kukificha.

Mwalimu Jecha alifikiri. "Kila mwaka," alisema, akaenda kuiweka barua kwenye faili.

"Haya," alisema Kauthar, akachukua chaki. "Sura ya tatu."