Hatua Kumi na Moja

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Taratibu alikuwa anakatiza ua kwenda kufungua duka lake la vifaa vya ujenzi, kufuli la geti lilipofunguka lenyewe na kuanguka chini. Aliliokota akaligeuzageuza. Lilikuwa kufuli zito la shaba, alilolitoa dukani kwake mwenyewe miezi miwili nyuma. Mkewe, aliyekuwa anaanua nguo, alisema vitu vya siku hizi ni bati tupu. Taratibu akaenda kuchukua jingine. Alilifunga, akalivuta kuhakikisha, na kabla hajageuka likafunguka.

Jina la Taratibu alipewa na mji, kwa sababu hakuwahi kupaza sauti wala kukimbia, hata enzi zile wenzake walipokuwa wakikimbia. Duka lilikuwa la misumari, rangi na vitasa. Lakini mtu yeyote pale sokoni angekwambia, kwa sauti ya chini, kwamba maghala yalivunjwa au kuachwa kwa neno lake, na kwamba mfanyabiashara asiyekuwa na radhi yake hakuchelewa kupata ajali. Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, kisukari, na goti moja bovu.

Adhuhuri akaitwa fundi makufuli, mtu wa miaka arobaini kazini. Fundi alimwambia mzee asimame, asogee, arudi nyuma, asogee tena. Jasho likamtoka. Mwisho akasema ni hatua kumi na moja. Ndani ya hatua kumi na moja kutoka alipo mzee, hakuna kitu cha kufuli, ufunguo au komeo kinachokubali kufungwa. Akasema yeye hana dawa yake, akaomba maji ya kunywa, akaaga.

Baada ya siku mbili watu walishazoea. Jirani alikuja akaomba kwa adabu kwamba mzee akipita njia ya nyuma apige hodi kwanza, maana kuku wametoka bandani mara tatu na mkwewe alikutwa bafuni. Benki ikamwandikia kwamba mteja wa heshima kama yeye hana haja ya kujisumbua kufika mwenyewe.

Aliyefurahi ni Kidevu. Kidevu alikuwa mkono wake wa kulia kwa miaka ishirini na mitano, mtu wa taya kubwa na mipango mingi. Alisema maghala yote ya barabara ya reli sasa yamekuwa kama jiko la mama yake. Mzee hatahitaji hata kushuka garini, atapitishwa tu mbele ya milango akiwa amekaa. Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema goti linamuuma. Kidevu akajibu kwamba atamwekea mto. Wakakubaliana iwe Ijumaa.

Alhamisi alasiri Taratibu alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi. Droo ya chini ya kabati la mkewe, ya ufunguo, iliyokuwa imezibwa na kapu la nguo tangu Jumatatu, na ambayo siku zote alidhani ina vidani na hereni, iliteleza yenyewe mpaka mwisho. Ndani mlikuwa na barua kumi na tisa zilizofungwa kwa utepe. Mwandiko ulikuwa mmoja, na zote zilianza hivi: Mwanangu, salamu nyingi.

Zilitoka kwa mama wa seremala mmoja, zikiwa zimeandikwa kwa mkewe. Huyo seremala alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka ishirini na mitano kwa kumuua mlinzi wa ghala la vitambaa. Wiki ile ya mauaji alikuwa akitengeneza rafu mle ndani, na nyundo yake ndiyo iliyokutwa kando ya maiti. Mji mzima ulijua kwamba ghala lile lilivunjwa na Taratibu. Korti haikuuliza mji.

Mama huyo hakuwa akilaani. Alikuwa akileta habari, barua moja kila mwaka, kama anamwandikia ndugu. Mwaka wa kwanza mwanawe alikuwa amekonda. Wa sita alipewa kazi katika karakana ya gereza. Wa kumi na moja aling'olewa jino. Ya mwaka huu ilikuwa fupi: "Daktari anasema jicho langu la kushoto limekwisha, na la kulia linafuata. Wewe ni mwanamke mwenzangu. Muulize mumeo kama hawezi kufanya haraka kidogo."

Mkewe aliingia na nguo zilizokunjwa, akaona droo, akasimama pale pale. Taratibu alimwuliza kwa nini hakumwambia.

"Niliogopa nikikuuliza utanijibu," mkewe akasema.

Alikaa karibu naye, akalia kidogo, si sana. Kisha akafuta uso, akamtolea shati jeupe na kumfunga vifungo, maana vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kufa ganzi.

Alasiri hiyohiyo mkuu wa kituo cha polisi alimpokea vizuri na kumwagizia chai. Miaka kumi na tisa iliyopita ndiye aliyekuwa mpelelezi wa kesi ile. Taratibu alimweleza kila kitu kwa mpangilio: jinsi alivyoingia peke yake, jinsi mlinzi alivyoamka na kumtambua, jinsi alivyopapasa rafu na mkono ukashika nyundo. Alipokuwa akieleza, milango ya mahabusu ilifunguka na watu saba wakatoka wakakaa kwenye benchi. Mwanamke mmoja alisema amechelewa kumchukua mtoto shuleni, akaaga, akaenda.

Mkuu wa kituo hakuandika neno.

"Mzee wangu, ukisema ni wewe, basi mimi niliandika nini?"

Akamweleza, bila hasira, kwamba cheo chake cha kwanza alikipata kwa jalada lile. Jaji alistaafu kwa heshima. Jalada lenyewe lipo stoo, limefungwa kamba, na nyundo ina kibandiko chake. Kumfukua marehemu huyo ni kuwafukua watu wengi walio hai.

"Na hata nikiandika," akamalizia, akionyesha benchi kwa kalamu, "nikuweke wapi?"

Ijumaa Kidevu alikuja na gari na mto, kama alivyoahidi. Taratibu akaukalia mto, akamwambia waende gerezani, leo ni siku ya kuona wafungwa. Kidevu alicheka, akaona anacheka peke yake, akawasha gari. Walipofika alikataa kushuka. Alisema mle yeye haingii hata kwa kadi ya mwaliko.

Geti kubwa lilifunguka Taratibu akiwa bado anatafuta fimbo yake. Askari wa zamu alitazama saa, akaandika kitabuni kwamba geti limefunguka saa nne na dakika kumi. La pili likafunguka, na la tatu. Askari wa pale alimwambia karakana iko kushoto, aangalie ngazi, moja imevunjika. Alivyokuwa akipita ukumbini, milango ya vyumba ilifunguka kulia na kushoto. Wafungwa wachache walichukua vibegi vyao wakatoka bila kelele. Wawili waliokuwa watu wake zamani walimwamkia, wakabaki vitandani, kwa sababu Ijumaa ilikuwa siku ya nyama.

Seremala alikuwa peke yake karakanani, anaunganisha mguu wa kiti. Kichwa chake kilikuwa cheupe kuliko cha Taratibu, ingawa alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na sita.

"Mimi ndiye niliyemuua mlinzi," Taratibu akasema.

"Najua. Shika hapa, gundi haijakamata."

Taratibu akaegemeza fimbo ukutani akashika mguu wa kiti. Walikaa hivyo kama dakika kumi. Goti lilimuuma lakini hakuachia.

"Kwa nini nyundo yangu?" seremala akauliza.

"Ndiyo iliyokuwa karibu. Mimi sikuja na kitu."

"Ilikuwa ya baba."

Taratibu alisema hakujua. Seremala akakubali kwamba hakuwa na njia ya kujua. Akajaribu kiti, kikatulia. Ndipo Taratibu alipomwambia kwamba milango yote iko wazi, na kwamba yeye amekuja kubaki badala yake.

Seremala aliangalia mlango, kisha akamwangalia yeye.

"Kukusamehe siwezi leo, mzee. Usinisubiri kwa hilo."

Akafuta mikono, akavua aproni akaitundika msumarini, akatangulia kutoka.

Mkuu wa gereza aliwakuta kwenye geti la pili. Alikuwa mtu mchovu mwenye macho mekundu, na orodha mkononi. Taratibu alimnyooshea mikono miwili, akasema amekuja kufungwa. Akavalishwa pingu, zikaanguka. Wakazijaribu mara tatu, na mara ya tatu zikaanguka na za askari wa pembeni. Mkuu wa gereza alisema hawezi kumpokea mfungwa ambaye akibaki mle, kabla ya chakula cha mchana gereza litakuwa tupu. Akamwomba aondoke, kwa usalama wa kila mtu. Kuhusu seremala, alitafuta jina lake kwenye orodha, akaweka kidole.

"Huyu bado ana miaka sita. Mimi naenda na karatasi. Kila asubuhi saa kumi na mbili naita majina, na anayeitika yupo. Akiitika, mimi na yeye hatuna ugomvi."

Wakaenda. Kidevu aliendesha bila kusema, na seremala alikaa nyuma, kichwa kimetoka dirishani kama mtoto.

Mama yake alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage kwa vidole. Alisikia hatua, akageuza uso ili jicho la kulia lipate nafasi. Alitazama muda mrefu. Mwanawe alipopiga magoti mbele yake, alimshika taya.

"Jino lilitoka upande huu?"

"Upande wa pili, mama."

Akahamisha mkono. Ndipo akaanza kulia, na seremala naye, na maharage yakamwagika yote. Taratibu aliinama kwa taabu akaanza kuyaokota, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama akauliza huyo mwingine ni nani. Mwanawe akamjibu kwamba ni yule.

Mama akafuta macho kwa kanga. Kisha akasema, "Kaa, baba."

Taratibu akakaa chini. Akamsimulia kama alivyosimulia kituoni, hakupunguza wala hakuongeza. Mama alisikiliza huku mkono mmoja umebaki begani kwa mwanawe, kana kwamba bado mtu anaweza kumchukua. Taratibu alipomaliza, mama hakumwambia amemsamehe, wala hakumfukuza.

"Na mlinzi, alikuwa na mama?"

Taratibu alisema hakuwahi kuuliza.

"Basi kaulize. Mimi angalau nilijua pa kupeleka barua."

Njiani Kidevu alitaka kujua kama bado watapitia barabara ya reli. Taratibu alimjibu kwamba ana mtu wa kumtafuta, na hajui hata aanzie wapi. Kidevu alimshusha kwake, akamshika mkono kwa ajili ya goti, akauchukua mto wake. Wiki iliyofuata maghala mawili yalivunjwa kwa mtaimbo, kama kawaida. Mkuu wa kituo alibaki na cheo chake, na nyundo ikabaki stoo na kibandiko chake. Hatua zilibaki kumi na moja. Jirani akaweka kamba kwenye mlango wa bafu.

Lakini siku ile ya Ijumaa Taratibu alikula chakula cha mchana akamaliza, akajilaza kwenye kochi bila kuvua shati jeupe, akalala. Mkewe alikuja mara mbili kusikiliza kama anapumua. Alikuwa anapumua vizuri, mdomo wazi, kama mtu aliyetua gunia.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mkuu wa gereza alisimama uani na orodha yake. Waliokuwepo waliitika. Alipofika kwenye jina la seremala alilisoma kama mengine, na sauti yake kutoka upande wa karakana ikajibu, "Nipo." Akaweka alama, akaendelea na jina linalofuata.

Dakika hiyohiyo seremala alikuwa amekaa jikoni kwa mama yake. Aliinuka ghafla, akasimama wima, akasema, "Nipo."

"Najua upo, mwanangu," mama yake akasema, akipapasa meza kutafuta kikombe. "Kunywa chai."